Sindano Mliyoninyima

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe kifungua mimba uache kuangalia saa. Machela ikija itanikuta papa hapa.

Wiki sita saratani hii inanitafuna tumbo, na daktari alikuwa na sindano ya mgongoni ya kuzima mishipa ya fahamu inayobeba maumivu. Nikaambiwa moyo wangu hauiwezi. Aliyemdanganya daktari kwamba niliwahi kuzimia ngazini ni wewe, kifungua mimba, nami kwenye ngazi zile sijaanguka hata siku ya mvua. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Uliogopa ndugu waje kusema umemsainia mama kifo, basi nikalia mimi ili wewe uonekane mtoto mwema mbele ya wanaokupa pole mlangoni.

Jana nikamwita daktari peke yake. Akasema sindano ikiingia, mishipa ya damu ya tumboni italegea, damu ituame huko chini, presha ishuke, na moyo uende mbio kuifidia. Nikacheka mpaka nikaumia. Miaka thelathini na moja nimeendesha pampu za maji za mji huu. Mabomba ya bondeni yakifunguliwa yote kwa pamoja, mshale wa geji huanguka, mtambo hunguruma, na mjinga ndiye hupiga kelele kwamba pampu imekufa. Fundi hujaza tangi kwanza. Nami nitajazwa dripu kwanza, nilazwe, na kuinuka ghafla marufuku. Hatari ipo, sikufichwa. Wameupima moyo, ni mzima. Nimesaini mwenyewe.

Sasa shikeni haya. Nyumba ni ya mkeo, kifungua mimba, si yako. Yeye amefua mashuka yangu bila kuuliza nitakufa lini. Spana zangu apewe kitinda mimba, huenda chuma kikauaibisha uvivu wake. Shangazi yenu tuliyegombania naye kisima, mwambieni haki bado ni yangu, lakini aje. Na moyo ukisimama, asiguswe daktari hata kwa neno.

Magurudumu hayo, nayasikia... Mungu awape watoto wasema kweli kuliko ninyi.

Kifungua mimba. Radhi sijakunyima... ila hutaipata mlangoni. Daktari amekubali, utaingia nami. Simama penye mashine ya presha... Namba zitashuka, mwanangu. Moyo utakimbia.

Wewe usikimbie.