Mwalimu Aspazia na Punje za Mahindi

Baba Padre, ndugu zetu wa ukoo wa Tofan na wa Hriscu, majirani wa Harlopeni, na nyinyi mliosafiri tangu alfajiri kutoka Bacău na Iași, familia inawashukuru kwa kufika, na kabla hatujamtoa marehemu uani kwake inaomba mtulie tuwasomee maisha yake, ambayo jana baadhi yenu mlikuja jikoni kutuomba tuyafupishe, hasa ule mwaka themanini na tisa, mkisema si vizuri kuchokonoa mambo mbele ya jeneza. Binti yake, Tincuța, aliwasikiliza, akawamiminia kahawa, akasema yatasomwa yote, kisha akanikabidhi mimi, mume wake, karatasi hizi, kwa sababu kati ya wenye mvi wote waliomo katika ua huu mimi peke yangu sikusomeshwa na marehemu wala sikuwahi kupigishwa magoti naye, kwa hiyo inatarajiwa sauti yangu haitatetemeka. Tunajua nani amesimama langoni na nani amesimama kisimani, tunajua pia wako waliotuliza baridi kwa glasi mbili tatu kabla ya kuja, na Tincuța anaomba jambo moja tu, mama yake atoke hapa bila mtu kumkunja mwenzake shati.

Marehemu Mwalimu Aspazia Hriscu alizaliwa tarehe 14 Februari 1931 hapa Harlopeni, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Ilarion Tofan, mlinzi wa msitu, na mama Safta. Mzee Ilarion alihesabiwa kuwa mtu mwema, hakuwa mlevi, hakumwinulia mkewe mkono, ila mtoto aliyekosa alimpigisha magoti juu ya punje za mahindi makavu, kwenye ile pembe ya picha za watakatifu, mpaka baba amalize kula, na baba alikuwa anakula polepole. Ukame wa mwaka 1946 ulipoingia na ghala likabaki na panya, adhabu haikufutwa, isipokuwa mtoto alipoinuka mama Safta alizikusanya zile punje, akaziosha, akazisaga, zikawa ugali wa jioni, na marehemu alituambia kwamba mpaka uzeeni hakuweza kula ugali bila magoti kumwasha.

Alianza darasa la kwanza katika shule ya hapa mwezi Septemba 1938, akajiunga na shule ya ualimu Bacău mwaka 1946, akahitimu Juni 1950, na tarehe 15 Septemba mwaka huo huo akapangiwa kazi katika shule ile ile aliyosomea, chini ya paa lile lile linalovuja, ambako alifundisha mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 1986. Alikuwa na miaka kumi na tisa, madarasa mawili katika chumba kimoja, watoto wengi waliomzidi kimo, na katika kabati la darasa aliweka bakuli la mahindi, kama walivyoweka walimu wenzake, kwa maana hakuna aliyewahi kumwonyesha njia nyingine ya kumnyamazisha mtoto.

Tarehe 9 Machi 1953, siku ya mazishi ya yule mtawala mkubwa wa Moscow, shule zote ziliamriwa kusimama kimya mbele ya redio, na mkaguzi kutoka wilayani akaja kusimama pamoja na darasa lake, na katika ule ukimya mtoto mmoja wa miaka minane akacheka. Mtoto huyo alikuwa Sofron Bejenaru. Alicheka kwa sababu njiwa alikuwa ametua juu ya kofia ya mkaguzi iliyowekwa dirishani, lakini marehemu alimwona mkaguzi akigeuza shingo, akaogopa kupelekwa ambako watu walikuwa wakipelekwa miaka ile wasirudi, na hofu ile ikatafuta mtu mdogo wa kumwangukia, akamwaga mahindi sakafuni, akampigisha Sofron magoti asubuhi nzima, akawapitisha wenzake wote mbele yake wamwangalie, nao wakamcheka. Sofron hakulia. Wiki iliyofuata alikwenda kwa mwalimu akaomba kazi ya kutunza lile bakuli, awe anawamwagia wengine, na mwalimu, ambaye alifurahi kuona mtoto amejirekebisha, akampa.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 27 Oktoba 1956 na fundi Neculai Hriscu, aliyejenga nusu ya majiko ya udongo yanayowapasha moto mpaka leo, mtu mpole aliyefariki mwaka 2003, na Mungu akawajalia watoto wawili, Tincuța mwaka 1958 na Costache mwaka 1960. Ni watoto hawa waliokomesha lile bakuli. Siku moja ya Novemba 1963 marehemu alirudi kutoka shuleni akamkuta Tincuța, wa miaka mitano, amevaa kitambaa chake cha kichwa, amemwaga maharagwe chini, amempigisha magoti Costache ambaye alikuwa bado anajikojolea, na mama akauliza mtoto amekosa nini.

"Hajakosa kitu," Tincuța akajibu. "Mimi ndiye mwalimu."

Marehemu alikaa chini kwenye kiti cha kukamulia ng'ombe akalia mpaka fundi Neculai akadhani kuna msiba, na kesho yake akalirudisha bakuli jikoni, wala hakumpigisha mtoto magoti tena mpaka alipostaafu, ingawa wazazi wengine, ambao sitawataja na ambao wananiangalia, walikwenda kwa mwalimu mkuu kulalamika kwamba Mwalimu Aspazia amelegea na watoto wao watakuwa wahuni.

Lakini waliokuwa wamekwisha kupiga magoti walikuwa wamekwisha kukua. Sofron Bejenaru alirudi hapa mwaka 1971 akiwa sajini wa polisi, kisha akawa mkuu wa kituo, na mnajua wenyewe aliyowafanyia watu katika chumba kile cha nyuma, sakafu ilikuwa na nini, na mnajua kwamba Vasilică Pintilie aliingia mle mwaka 1984 kwa sababu ya gunia moja la ngano, akatoka amepasuka figo, akafa kabla ya Pasaka. Familia haifuniki hili. Marehemu alikwenda kituoni mara mbili kumwombea Vasilică, na mara zote mbili Sofron alimsimamisha nje barabarani, akamwambia kupitia dirishani asubiri kimya.

Ijumaa ya tarehe 22 Desemba 1989, redio iliposema mtawala wa nchi amekimbia, watu walimtoa Sofron kituoni wakampeleka uwanja wa shule, na Tincuța, aliyekuwapo, anasema hakuna aliyetoa amri ya kupeleka watu shuleni, miguu ilikwenda yenyewe. Mtu akaleta debe la mahindi, yakamwagwa juu ya theluji, wakampigisha magoti, na Toader Pintilie, kaka wa Vasilică, akasimama nyuma yake na bastola ya Sofron mwenyewe mkononi. Watu walikuwa wanacheka, na watoto wao wamejipanga ukutani wakiangalia. Mama mmoja akamwambia anyooshe mgongo, mkaguzi anakuja, na uwanja mzima ukaangua kicheko, kicheko ambacho marehemu alikisikia kutoka jikoni kwake akakitambua, akatoka na aproni, bila koti.

Alipita katikati yao na wakampisha, kwa mazoea tu. Toader akamwambia, "Mwalimu, rudi ndani, utaugua. Hili si darasa."

"Ni darasa, Toader. Nimewafundisha wote, hata hilo la kucheka. Nilimfundisha yeye, naye akawafundisha nyinyi, na wewe ukifyatua hiyo, wale watoto pale ukutani watakuwa wamefundishwa na wewe." Kisha akauliza nani hapa hakuwahi kupiga magoti mbele yake, na hakuna aliyeinua mkono isipokuwa vijana, akasema basi kama leo ni siku ya kulipana waanze na yeye, akashika bega la Sofron, akaanza kujishusha juu ya mahindi.

Toader alimdaka kwapani. Marehemu, kama mnavyojua, hakuwa mtu mwembamba, na mkono mmoja haukutosha, Toader akajikuta anatafuta pa kuweka bastola, akaiweka kwenye kizingiti cha dirisha la darasa ili amwinue mwalimu wake kwa mikono miwili, na marehemu hakukubali kuinuka, alizidi kulemea, wakavutana pale wakihema mbele ya watu wote mpaka Toader akaanza kulia kwa sauti akimwita Vasilică. Bastola ilichukuliwa na mwimbishaji wa kanisa. Sofron alipelekwa mjini kwa trekta, akahukumiwa, akafungwa, akarudi mwaka 1993.

Kwa miaka thelathini wengine wenu hamkumsalimu marehemu kwa sababu hiyo, mkasema alimwokoa mnyama, mkasema aliwanyang'anya haki yenu, na yeye aliumia, hatutasema hakuumia. Lakini kila alipoulizwa alisema hakwenda pale kwa ajili ya Sofron, alikwenda kwa ajili ya wale watoto wa ukutani, ambao hawakuona mtu akiuawa siku ile na leo ndio wazazi wa kijiji hiki.

Marehemu alianza kusumbuliwa na moyo mwezi Machi 2016, akatibiwa wilayani na baadaye Iași, na tarehe 9 Oktoba 2019, saa nne asubuhi, akafariki hapa nyumbani akiwa amemshika Tincuța mkono, ameacha watoto wawili, wajukuu watano na kitukuu mmoja.

Aliyesimama langoni ni Sofron Bejenaru. Alimwomba Tincuța ruhusa ya kuja, akapewa. Aliyesimama kisimani ni Toader Pintilie, ambaye Tincuța alimwendea kabla, kwa sababu ruhusa ile haikuwa yake peke yake, na Toader akasema, "Sijamsamehe. Nitasimama mbali naye. Lakini simtoi, na atakayemgusa atapitia kwangu." Basi na wale wa glasi mbili tatu mmesikia.

Familia inawashukuru madaktari na muuguzi Lenuța aliyekuja hata barabara ilipojaa matope, walimu wenzake waliobaki, majirani waliochimba kaburi, na akina mama waliopika ngano ya asali kwa ajili ya roho yake na kugombana kidogo tu juu ya sukari. Mwisho, sasa kila mmoja atapita kumbusu marehemu paji la uso kama ilivyo desturi, na Ilinca, kitukuu wake wa miaka minne, amesema tangu asubuhi kwamba anaogopa na hataki, na shangazi zake tangu asubuhi wanamvuta mkono wakimwambia ni aibu. Mwacheni. Ilinca, kaa hapo ulipo, hukukosa kitu.

Nenda kapumzike, Mama, somo lako sisi tunaanzia kwa mtoto huyu.