Mtu wa Saa Sita: Maisha ya Mdogo Wangu, Mchambuzi wa Michezo ya Video

Ndugu, jamaa na majirani mliofika kutusindikizia mpendwa wetu, mimi ni dada yake mkubwa, na familia imenikabidhi karatasi hii niisome kwa kuwa ndimi niliyeishi naye miaka mingi kuliko wote waliobaki, ingawa, kama mtakavyosikia, kumjua kwangu kulikuwa na mapengo, na nimeona ni heri niyasome pamoja na mengine kuliko kuyaruka.

Mdogo wangu alizaliwa Jumatatu, tarehe 9 Agosti 1982, asubuhi, katika hospitali kuu ya mji, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu baba yetu, fundi wa redio na televisheni, na marehemu mama yetu, karani wa posta. Nilikuwa na miaka sita, nikapelekwa kumtazama, nikaambiwa nisimwamshe, na nadhani agizo hilo nililishika kupita kiasi, maana tangu siku ile nilizoea kumwacha kama alivyo.

Alianza shule ya msingi Januari 1989 na kumaliza Novemba 1995, na katika ripoti zake zote, ambazo mama alizitunza kwenye sanduku la bati, walimu waliandika jambo moja kwa maneno mbalimbali, kwamba majibu anayo ila mkono hanyooshi. Mwaka 1993 mteja mmoja alimwachia baba mashine kuukuu ya michezo ya video, ile ya kuchomeka kwenye televisheni, mdogo wangu akaicheza mpaka vitufe vikalala, kisha akanunua daftari na kuanza kuandika hukumu zake, kwa mfano, “Hatua ya tatu haina haki, adui anaruka kabla hujamwona.” Baba alilisoma daftari lile, akacheka, akauliza, “Sasa haya unamwandikia nani?” Mtoto akajibu, “Sijui bado.”

Alisoma sekondari kuanzia 1996 hadi 1999, akaingia chuo cha uchapaji, akahitimu mwaka 2002, na tarehe 3 Machi 2003 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji kama msahihishaji, yaani yule anayesoma kurasa kwa kalamu nyekundu kabla hazijaingia mashineni. Wenzake wa kiwandani, ambao nawaona pale, wamenikumbusha kwamba ndiye aliyegundua kuwa kalenda ya ukutani, iliyokwisha kutiwa saini na wakubwa wanne, ilikuwa na Agosti ya siku thelathini. Wamenikumbusha pia kwamba mlinzi wa getini alidhani mdogo wangu ni bubu, akawa anamsalimia kwa ishara za mikono, naye kwa kuogopa kumwaibisha mzee wa watu akamjibu kwa ishara mwaka mzima.

Tarehe 17 Desemba 2005 alifunga ndoa na wifi yangu, muuza dawa, na tarehe 2 Juni 2008 wakajaliwa binti, mtoto wao pekee, ambaye ameketi hapa mbele yenu.

Tarehe 11 Aprili 2010, katika chumba cha nyuma walichokitumia kama stoo, mdogo wangu alitundika mablanketi ukutani ili sauti isirudi, akawasha kamera na kurekodi video yake ya kwanza mtandaoni, na hapo ndipo mtu tuliyemzoea kwa “ndiyo” na “sawa” alipoongea kuhusu mchezo mmoja kwa saa tatu bila kutafuta neno. Baadaye zikawa saa nne, kisha sita, watazamaji wakambatiza jina la Saa Sita, na mjomba wetu aliposikia kwamba mpwa wake ni mtu wa saa sita, alikaa mbele ya televisheni siku tatu mfululizo ifikapo saa sita mchana, akitusuta kwamba tumemdanganya.

Mimi sikuijua kazi hiyo, lakini siku hizi za msiba watazamaji wake wamenieleza kwamba wachambuzi wa michezo wana tabia zao, wapo wa kupiga kelele, wapo wanaovunja vifaa ili watu wafurahi, wapo wanaosifia kila wanacholetewa, na mdogo wangu hakuwa hata mmoja wa hao, alikuwa mtu wa kuchokonoa, haufungulii mdomo mchezo mpaka aumalize mara mbili na kuingia kila chumba kilichomo. Wamenieleza pia kwamba kila alipofika saa ya tano, ambapo wengi huwa wamekwisha kuondoka, alishusha sauti na kusema, “Kama umefika hapa, basi wewe ni ndugu yangu, hebu nikwambie jambo,” akasimulia mambo yake ya moyoni.

Wifi yangu ameniruhusu niseme hili. Mwaka 2013 alinijia kazini, akaniambia, “Wifi, namsikia anacheka na watu upande wa pili wa ukuta, akitoka mle chumbani anakuwa kama betri iliyokwisha.” Sikumjibu la maana, nilimwambia avumilie. Walitengana tarehe 30 Septemba mwaka huo, bila tusi wala mlango kubamizwa, mdogo wangu mwenyewe alibeba mizigo yao hadi nyumba mpya, akaunga kitanda cha mtoto, akajaribu kila skrubu, kisha akarudi peke yake kwenye nyumba iliyobaki na mablanketi ukutani.

Mwaka uliofuata, tarehe 22 Novemba 2014, alitoa video kuhusu mchezo mdogo uliotengenezwa na mtu mmoja tu, mwalimu wa hesabu wa mji wa mbali, na humo alimcheka yule mwalimu tangu mwanzo hadi mwisho, kila kosa na mzaha wake, na video ile ikatazamwa kuliko zote alizowahi kutoa. Januari ikaja barua, mwalimu akaeleza kwamba wanafunzi wanamrudishia mizaha ile darasani, na kwamba ameifuta kazi yake ya miaka mitano. Mdogo wangu aliiondoa video siku ileile, akapanda basi, akasafiri siku moja na nusu, akabisha hodi. Mwalimu huyo tunaye hapa leo, na anasema alimfungulia mlango, akamtambua kwa sauti, akamwambia, “Uliyosema yote yalikuwa kweli. Ila ulikuwa unacheka.” Mdogo wangu akajibu, “Nilikuwa peke yangu, bwana, nikaona watu wananipenda nikicheka.” Wakakaa, mwalimu akapika chai, na kabla ya kuondoka mgeni aliomba aonyeshwe kilichosalia cha ule mchezo.

Aliporudi alipita kwangu moja kwa moja na begi begani, akasema, “Dada, nimetoka kuomba radhi.” Nikamuuliza kwa nani, akasema kwa mtu aliyemcheka, mimi nilikuwa na sufuria motoni, nikamwambia, “Haya, vizuri,” naye akasimama kidogo mlangoni, akaaga. Leo ningeuzima moto, nimpe kiti.

Tangu hapo hakumcheka mtu tena, watazamaji wakapungua zaidi ya nusu, kiwanda nacho kikampunguza kazini mwaka 2016, akaishi kwa video zake na kazi ndogondogo za kusahihisha vitabu. Mwalimu aliurudia mchezo wake, akautoa tarehe 5 Mei 2019, na mwishoni, panapoorodheshwa waliousaidia, jina la mdogo wangu limeandikwa chini ya neno moja, msahihishaji.

Kuhusu ugonjwa, nitasoma kama ulivyokuwa. Tarehe 18 Juni 2023 mtazamaji mmoja aliandika chini ya video, “Mzee, mbona unahema hivyo na umekaa?” Wiki iliyofuata waliandika kumi na mmoja, mmoja wao muuguzi, akamwambia aende hospitali upesi, naye akawajibu kwamba ni vumbi la chumba. Mwezi huohuo mdogo wangu alikula chakula cha mchana mezani kwangu mara mbili, amekaa karibu nami kuliko nilivyo karibu na kipaza sauti hiki, na mimi sikusikia chochote. Tarehe 6 Oktoba alishindwa kumaliza ngazi za nyumba yake, jirani akampeleka hospitali, wakakuta moyo umetanuka na nguvu zake zimepungua sana. Alinipigia siku ya tatu. Nilipomgombeza, alisema, “Sikutaka kukusumbua, dada.”

Alilazwa mara tatu. Binti yake, mwenye miaka kumi na mitano, alikuwa akija kila Jumamosi, na mwanzoni walikaa wakitazamana kama abiria wasiojuana, mpaka siku moja mtoto akaleta kompyuta yake, akaiweka juu ya shuka, akamwomba amsaidie mahali aliposhindwa kupita katika mchezo. Nilimkuta koridoni akilia na kucheka, akaniambia, “Shangazi, amenisemesha saa nzima, kama anavyowasemesha wale.” Zilipatikana Jumamosi tisa za namna hiyo.

Alifariki Jumatano, tarehe 21 Februari 2024, saa tisa alasiri, akiwa na miaka arobaini na moja, miezi sita na siku kumi na mbili, muuguzi akiwa kando yake, nami nikiwa nimefika ghorofa ya pili ya hospitali ileile, ngazini. Ameacha binti mmoja na dada mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, waliomvumilia mgonjwa asiyesema anapoumwa, tunawashukuru wenzake wa kiwandani, tunamshukuru mwalimu kwa safari yake ndefu, na tunamshukuru mama mshonaji wa ghorofa ya juu, ambaye kwa miaka minane alisimamisha cherehani kila alipomsikia akianza kurekodi, wala hakuna aliyemwomba. Tunawashukuru watazamaji, mlioandika kutoka tusikokujua, mkasikia mapema tuliyochelewa kuyasikia sisi.

Siku hizi tatu nimekaa nikatazama. Katika video moja ya mwaka 2021, saa ya tano na dakika kumi na nne, mdogo wangu anasema kwamba alijua kusoma kabla ya kwenda shule kwa sababu dada yake alikuwa akimshika kidole na kukipitisha juu ya mstari, neno kwa neno, kwenye gazeti la kufungia vitu, na kwamba hajui kama dada anakumbuka, maana hajawahi kumuuliza.

Nakumbuka, mdogo wangu. Ulikuwa ukurasa wa matangazo, na neno la kwanza ulilolisoma peke yako lilikuwa “inauzwa.”

Amani iwe nawe, upumzike.