Jina Lililozama Chini ya Utepe

Mheshimiwa Mkurugenzi, viongozi wa idara, ndugu wageni waalikwa, wafanyakazi wenzangu, nawe mama yangu mzazi uliyeketi mstari wa mbele: nawasalimu nyote kwa heshima.

Leo tunamuaga Dada Fundi, aliyeitunza tovuti yetu ya watu waliopotea tangu ilipoanza. Mheshimiwa, unakumbuka ulivyotaka utepe wa menyu, wenye nembo yetu, ubaki juu ya ukurasa hata mtu akishuka hadi chini kabisa? Tulikuwekea, nao ukang'ang'ania kama kupe. Nani angejua kwamba mzazi akibonyeza jina la mwanawe kwenye orodha, ukurasa ungeruka hadi alipo mtoto, jina na picha vikaingia chini ya utepe, naye akabaki kuitazama sura ya mtoto wa mwenzie? Simu zililia kutwa. "Mmemficha wapi mwanangu?" aliuliza mama mmoja.

Dada Fundi hakulalamika. Aliuamuru ukurasa usimame mapema kidogo, uache juu ya kila jina nafasi ya kutosha kimo cha utepe, na ziada ya kupumulia. Majina yote yakaonekana, isipokuwa moja: la mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yangu aliyeketi hapa mbele.

Ndugu zangu, kila tulipolibonyeza lilizama. Dada akaongeza nafasi, likazama. Akajaribu kwa simu, akajaribu kwa kompyuta yangu, mbele ya macho yangu. Mwishowe akasema taratibu, "Bosi, ukurasa unasimama pale pale panapotakiwa. Halafu yeye ndiye anayesogea." Nilicheka. Yeye hakucheka, na tangu siku hiyo naogopa kubaki peke yangu ofisini.

Jana, katika kazi yake ya mwisho, aliung'oa utepe wote. Utuwie radhi, Mheshimiwa, nembo imeondoka nao. Leo asubuhi, wenzetu wakipanga viti hivi, nikabonyeza. Mdogo wangu alikuwa pale juu, jina na picha, akinitazama. Chini yake, panapotajwa mahali alipoonekana mara ya mwisho, sisi tuliandika kituo cha basi. Sasa pameandikwa ukumbi huu. Nilimgeukia Dada. Akaapa hajagusa hata herufi, nami namwamini.

Dada Fundi, tunakushukuru kwa subira yako, na kwa kuwa hukuwahi kumdanganya mzazi yeyote aliyepiga simu hapa. Utatuachia pengo, nasema kweli, na mimi binafsi nitakukumbuka sana.

Walinzi, msiufunge mlango wa nyuma, mwacheni mdogo wangu aingie. Nanyi wageni wetu, asanteni kwa kunitegea masikio. Mama, usigeuke kwanza. Ngoja nishuke nikushike mkono.