Kokoto Dirishani kwa Mwishehe

Kijiwe chetu cha Temeke, mwaka hamsini na sita, kilikuwa gogo la mnazi lililolazwa mkabala na nyumba ya Mwishehe. Mwishehe alikwenda melini kuchochea makaa. Ikaja habari kwamba meli imezama na wote waliokuwamo. Akasomewa hitima, mkewe Somoe akakaa eda, akatoka, na mdogo wa marehemu, Mfaume, akamwoa. Miaka saba ikapita. Juzi Ijumaa marehemu akatokea na mfuko begani, akaelezwa yote pale pale mlangoni, akasema, "Asinifuate mtu," akaingia, akatia komeo. Leo siku ya tatu. Sahani ya wali aliyoiweka Somoe kizingitini ilijaa sisimizi. Gogoni wenzake Mfaume walikunywa kahawa. Yeye kikombe chake hakukigusa.

— Vunja mlango, bwana we! — alisema Hija mwashi, waliyemwita Hakimu kwa kuwa hakuna kesi asiyoikatia hukumu.

— Kaka yangu huyo, — Mfaume akajibu. — Amekataza.

— Kuvunja kwa nini? — alidakia Theonest. Huyu alipanga herufi kwenye kiwanda cha chapa na kusoma kila alichokipanga, ndiyo maana akaitwa Gazeti. — Marekani wanachungulia kiini cha atomu, kitu kidogo kisichoonekana, na hawakifungui.

— Kwa darubini? — akauliza Hija.

— Darubini hapo kipofu. Wanakirushia elektroni, vipunje vya umeme, mbio za kutisha. Halafu wanahesabu ngapi zimepinda, na kwa upande gani. Kiini hukioni, ila unaona kilivyozipinda.

— Wakakuta nini?

— Ipo gesi moja nyepesi, heliamu. Kiini chake kingekuwa nukta tupu, elektroni nyingi zingerushwa kando kabisa. Zikarushwa chache. Kumbe kimetandaa, tena hakina ukingo. Kinafifia, kinafifia, mpaka hakipo.

Mfaume hakulipenda kabisa neno hilo la kufifia.

Hija alikuwa keshainuka na kokoto kiganjani. Dirisha lilikuwa wazi, ndani giza tupu. Akarusha ya kwanza: ikagonga ubao wa kitanda. Ya pili ikalia kwenye mtungi. Ya tatu haikulia.

— Rusha palepale, — alisema Gazeti.

Ya nne haikulia. Ya tano vilevile. Haikusikika ukutani wala sakafuni.

— Anazidaka, — Hija alisema, sauti imempungua.

— Gizani mle? Zote? — akauliza Gazeti.

— Basi kalala, zinamwangukia mwilini.

— Mtu mzima apigwe kokoto asigune? Mie nawaambia, bahari ilimla huyu, ikarudisha kivuli. Katandaa chumba kizima, ndiyo maana hazifiki chini.

— Na akizidi kutandaa, si atatokea dirishani?

Wote watatu wakasogea mwisho wa gogo. Jua la alasiri lilikuwa kali. Mfaume aliogopa, ndiyo, ila aliona haya zaidi, kwa sababu hadithi ile ya kivuli ilianza kumpendeza. Kivuli hakidai mke. Kama aliye mle ndani si mtu, Somoe atabaki kwake.

Anjelina, mgeni mtaani aliyekuwa akipitisha maandazi, alikuwa amesimama nyuma yao kitambo.

— Shikamooni. Huyo mtu mmemwita, akakataa kuitika?

Hija akatazama ndani ya kikombe chake.

— Jina lake si mnalijua? — Anjelina akauliza tena, akiwashangaa.

Walilijua, ila hakuna aliyemwita kwalo. Siku tatu nzima Mfaume alikuwa akisema "yule," akisema "mle ndani," akisema "marehemu." Akainuka, akaenda mpaka dirishani.

— Kaka Mwishehe.

Kisha komeo likaanza kuvutwa, taratibu sana, likikwaruza ubao. Na Mfaume, aliyemlilia kaka yake miaka saba, akajikuta anamwomba Mungu mlango ule usifunguke.