Historia ya Marehemu Bernardino, Fundi Aliyetibu Gobore la Ukoo

Ndugu waombolezaji, anayesoma ni Elia, mtoto wa dada yake marehemu, ila maneno ni yangu mimi Albertina, mjane, niliyeishia darasa la pili, asiyeyapenda asimlaumu msomaji.

Marehemu Bernardino alizaliwa mwaka 1911 huko Kionga, ng'ambo ya Ruvuma, tarehe hatuna, mama yake alisema tu ni siku za kuvuna mtama, akasoma shule ya misheni tangu 1920 hadi 1922, akafukuzwa kwa kufungua kitasa cha padri ili aone kilichomo, na alikirudisha kikifunga vizuri kuliko mwanzo, lakini hilo hawakuliandika.

Mwaka 1929 alivuka akaja Kilambo, akafua majembe, kisha akawa fundi wa mitambo kwenye shamba la mkonge Mikindani tangu 1947 hadi 1966, tulipohamia hapa Magomeni. Tulifunga ndoa tarehe 6 Agosti 1938, Mungu akatupa watoto saba, wamebaki wanne, nao hao mbele yenu.

Sasa lile linalonong'onwa jikoni tangu juzi. Gobore la ukoo, lile la jiwe linalogonga chuma, halipigwi ila anapozikwa mkubwa wa ukoo, na mpigaji ni ndugu anayemfuata. Tarehe 14 Septemba 1968, tulipomzika shangazi yao, lilikataa, na shemeji yangu Constantino, mdogo wake marehemu, akatangaza kwamba Bernardino ameuza mtambo wa kufyatulia wa baba yao na kubandika mwingine chakavu. Mume wangu alitandika mkeka, akaufungua mtambo mbele ya wote, akaonyesha ndani yake mikato mitatu ya tindo, na mikato ileile chini ya mtutu, alama ya baba yao. Ugonjwa aliukuta kwenye chuma kinachogongwa na jiwe, kimelainika hakitoi cheche, maana Constantino mwenyewe alikuwa amekitia kwenye makaa ili kuondoa kutu. Kesho yake, mazishi yamekwisha, mume wangu alikifukia kwenye chungu chenye mkaa wa mifupa na kwato ili kiwe kigumu tena, akakandika udongo, akachoma tangu asubuhi hadi alasiri, akakitosa majini, na cheche zikaruka. Shemeji akasema cheche si mlio. Tangu siku hiyo hakufa mkubwa wa ukoo, basi mume wangu akaitwa mwizi mpaka leo.

Kifua kilimwanza Novemba 1973, akalazwa hospitali, akafariki tarehe 9 Machi 1974, saa nne asubuhi, baada ya kuniuliza kama gobore limepakwa mafuta.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliobeba maji na kuni, wenzake wa mkonge, na Bibi Fatemabai wa dukani aliyeleta sanda bila kuulizwa.

Nasikia yupo anayesema mvua hii inatosha kuahirisha mlio. Gobore liko chini ya kanga yangu, kavu, na baruti kavu. Shemeji, unayemfuata ni wewe, njoo ulichukue. Likikataa, nitakupigia magoti hapahapa kwenye tope, likilia, utalitaja jina la kaka yako kwa sauti, ukianza na neno fundi. Nawe Bernardino, subiri kidogo usikie, ndipo upumzike kwa amani.