Vigae vya Mashimo

Ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi, mdogo wake wa mwisho, niwasimulie maisha ya kaka yetu, na naomba mnivumilie nikikwama njiani, maana yeye mwenyewe njia ilimkwamisha sana.

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Mzee Nyasi, alizaliwa tarehe 4 Machi 1951 katika nyumba hii hii, akiwa mtoto wa pili, akasoma shule ya msingi hapa jirani hadi mwaka 1966, kisha akajifunza kwa baba mdogo ufundi wa kuchoma vigae vya paa. Jina la Nyasi alilipata kazini, kwa kuwa kila kigae alikifunga kwa nyasi kavu kabla ya kukipeleka mjini, na bado vingi vilifika vipande kwa mashimo ya njiani, hivyo kila oda aliichomea vya ziada, akaviita vigae vya mashimo, yaani fungu la barabara.

Alifunga ndoa na shemeji yetu tarehe 12 Agosti 1978, akachelewa harusi yake mwenyewe kwa kuwa gari lilizama matopeni, jambo ambalo shemeji hajamsamehe hadi leo, wakajaliwa watoto watatu, wawili wako nasi hapa, na kitindamimba alitutoka akiwa mchanga.

Serikali ilipotandika lami mwaka 2004, kaka alilia mbele za watu na hakuona haya. Vigae vikaanza kufika vizima, tanuru moja likawa matatu, vijana wakapata kazi, nyanya za majirani zikaacha kuozea njiani, na kijiji kizima kikainua kichwa. Lakini mazoea yana tabu, kaka akaendelea kuchoma vile vya ziada, vikarundikana nyuma ya jiko, tukamcheka, naye akatujibu kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa ameshauona pale darajani.

Fedha za matengenezo hazikuja, mvua zikaja, mashimo yakarudi. Kufikia mwaka 2016 lile rundo lilikuwa limekwisha lote, matanuru mawili yakazimwa, vijana wakatawanyika, wala kaka hakutucheka, na hilo ndilo lililotuuma zaidi.

Moyo ulianza kumsumbua Novemba mwaka jana. Tarehe 9 mwezi huu alizidiwa asubuhi, tukamkimbiza hospitali, kama kuna kukimbia katika mashimo yale, akakata roho tukiwa tunaliona geti, na daktari hakutuficha, alisema tungewahi kidogo angepona. Nina hasira, ndugu zangu, na sitaizika leo pamoja naye.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye hata hivyo, majirani mliokesha nasi, na mafundi wenzake mliomleta nyumbani jana. Hakuna aliyewaagiza, ila mlijaza nyasi kavu pande zote za jeneza, mkalifunga kama alivyowafundisha, na tulipolishusha hapa uani halikuwa na hata mkwaruzo.

Kaka, safari hii hakuna kilichovunjika. Pumzika kwa amani.