Haloo ya Kuvukia Mto

Ukungu ulikuwa umeumeza mto wote, ng'ambo haionekani, na benchi la gatini, huku Suffolk, Uingereza, lilikuwa kama linaelea. Wenyewe wa benchi walikuwepo: Kiazi, mkulima mstaafu mwenye uso wa jina lake, na Padri, ambaye hakuwa padri ila alipiga kengele za kanisa mpaka masikio yakaziba. Katikati alikaa Clement na shada la maua, koti limepigwa pasi hadi linaogopa kukunjwa. Ng'ambo, Mavis alikuwa amemwalika chai baada ya kununiana miaka na miaka. Maji yalikuwa yanakupwa. Yakishuka zaidi, leo havuki mtu.

— Nikifika mlangoni, naanza na nini? aliuliza Clement.

— Haloo, alisema Kiazi, akimimina chai ya chupa. — Sema haloo, nyamaza, kula keki.

— Haloo ipi? Mkeo huisemaje?

— Akikuta matope sakafuni? "Haloo! Hiki nini?" Hapo nakimbilia bandani.

— Hiyo ya mshangao, Padri akadakia. — Ya salamu imeletwa na simu. Zamani Mwingereza alivua kofia, basi.

— Acha uongo, mzee! Kiazi akamkatiza. — Haloo walikuwa wakiitia mbwa wa kuwinda. Ndiyo maana ukimwambia mtu haloo anakuja ulimi nje.

— Clement, hilo usimwambie Mavis.

— Mi sisemi kitu!

— Kwa kweli ni ya mashua, Padri akasema, sasa polepole, kama anayeota macho wazi. — Watu walisimama ukingoni wakamwita mvushaji. Ndiyo maana ina mkia mrefu. Neno fupi huzama katikati ya mto.

Kiazi akaacha kunywa.

— Na zile zisizojibiwa?

— Si ndio huu ukungu, bwana.

Wote wakautazama. Clement alidhani anaziona na zake humo, zote alizozimeza kila alipopishana na Mavis sokoni, zinaelea nyeupe, hazina haraka. Chai ikapoa mikononi.

Mama mmoja akatokea na mbwa aliyelowa.

— Mnangoja mashua?

— Tangu asubuhi, mama.

— Na nani kamwita mvushaji?

Padri akachungulia kikombe chake. Kiazi akamkuna mbwa.

Clement akasimama. Aliyoifanyia mazoezi kwenye kioo ilikuwa ya mlangoni, ndogo, ya adabu. Iliyotoka ilikuwa nyingine kabisa:

— Haloooooo!

Benchi zima likageukia mto. Kisha, mbali ndani ya weupe, makasia yakaanza kupiga maji.